Jiwe la Kavimvira

Kwa miaka mingi nilikuwa na hadithi moja niliyoipenda kupita kiasi. Nimeisimulia kwenye kumbi za parokia, chini ya miembe ya Kiliba, kwenye madarasa ya Sange na Luvungi, na mara moja kwenye hoteli ya Bujumbura mbele ya wageni walioandika kila neno langu. Ni fupi. Mwishoni mwa Septemba 2004 nilisimama Kavimvira, mjini Uvira, mashariki mwa Kongo, karibu na mpaka wa Burundi, nikiwa na jiwe mkononi, na sikulitupa.

Lilikuwa jiwe la mtoni, la mviringo, dogo kuliko limau, bado lina ubaridi wa maji. Nilikuwa na miaka 19. Mbele yetu walikuwa Banyamulenge, Watutsi wa Kongo, waliojaribu kurudi Uvira kutoka ukimbizini Burundi: wazee wenye fimbo, wanawake wenye magodoro yaliyofungwa kwa kamba, watoto waliovaa nguo zisizowatosha. Watu wa mji walikuwa wamejipanga kando ya barabara kama wanaongoja ziara ya rais. Kisha mawe yakaanza. Namkumbuka mama mmoja aliyemfunika mwanawe kichwa kwa sufuria. Mawe mawili yaligonga ile sufuria, na watu wakacheka kwa sababu ya mlio wake.

Nililishika langu mpaka likapata joto la kiganja. Nikaliacha likaanguka mguuni, nikaenda nyumbani kula bukari na sombe. Hapo ndipo hadithi yangu ilipoishia, na hapo ndipo makofi yalipokuwa yakianza.

Lakini kabla ya jiwe kulikuwa na maziwa. Nyumbani kwetu Kimanga, nilipokuwa bado mdogo, alikuja kila asubuhi mama mmoja Munyamulenge tuliyemwita Mama Maziwa. Jina lake la kweli hatukuwahi kumuuliza. Alikuwa na bidoni ya njano ya lita tano, mdomo wake umezibwa kwa gunzi la mahindi. Kabla ya kumimina kwenye kikombe chetu cha kupimia, alitia matone kidogo kiganjani mwake, akayanywa mbele yetu, kisha akatazama upande wa ziwa mpaka Mama aseme, “Haya, mimina.” Nilidhani ni adabu ya kwao, kama vile mpishi anavyoonja mchuzi. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kuwa alikuwa akituonyesha kwamba hakuna karuho. Watu wa Kivu wanajua uzito wa neno hilo: sumu inayowekwa kwenye chakula na jirani, na ambayo daima, kwa bahati ya ajabu, inasemekana kuwekwa na jirani wa kabila lingine. Mama yule alikuwa akitoa ushahidi kila asubuhi katika kesi ambayo hakuna aliyemwambia kuwa imefunguliwa.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alipenda kujibu maswali yetu kwa tarehe. Siku moja nilimuuliza kama Mama Maziwa ni Mzaire, kama raia wa nchi yetu walivyoitwa wakati ule.

“Inategemea unauliza mwaka gani,” alisema.

Sheria ya 1972 iliwapa uraia kwa pamoja watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya 1960. Sheria ya 1981 ikaiondoa hiyo, ikataka mtu aonyeshe kuwa wazee wake walikuwa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Baba alicheka aliponieleza. “Mwaka 1885 babu yangu mimi alikuwa akivua ndagala hapo Kalundu, hajui kama kuna nchi. Nani alimwandika?” Basi Mama Maziwa, ambaye jina la kabila lake latokana na Mulenge, mlimani juu ya bonde la Ruzizi, alilala raia akaamka mgeni bila kuhama nyumba wala kubadilisha ng'ombe. Aprili 1995 bunge la mpito la Kinshasa lilipitisha azimio dhidi ya wakimbizi na wahamiaji kutoka Rwanda na Burundi, na kwenye ofisi nyingi za kwetu hakukuwa na haja ya kutofautisha nani alifika juzi na nani alizaliwa huku. Wakati huo eneo la Uvira lilikuwa na wakimbizi zaidi ya laki mbili kutoka nchi hizo mbili. Mtu mwenye pua nyembamba alikuwa mkimbizi mpaka athibitishe vingine.

Mwanzoni mwa Oktoba 1996 makamu wa gavana wa Kivu Kusini, Lwabanji Lwasi Ngabo, aliwapa Banyamulenge wiki moja waondoke. Wiki ile Mama Maziwa hakuja. Kikombe cha kupimia kilikaa dirishani, kimegeuzwa chini juu. Tarehe 24 Oktoba mji ukaanguka mikononi mwa waasi, na vita iliyoanzia kwetu ikafika Kinshasa Mei ya mwaka uliofuata, lakini mambo hayo makubwa wengine wameyaandika. Mimi nakumbuka kikombe. Tulizoea chai ya rangi ndani ya siku tatu, na hakuna mtu nyumbani, hata Baba mwenye tarehe zake, aliyesema: twende tukamwulizie yule mama.

Sasa niwe mkweli, maana hadithi ya Mama Maziwa peke yake ingenifanya nionekane mtu aliyelia tangu utotoni kwa ajili ya wengine. Sivyo. Mama yangu ni Mbembe wa Makobola, kusini mwa mji, kando ya ziwa. Kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 wanajeshi wa uasi wa RCD waliua mamia ya raia kule Makobola, siku ambazo watu walikuwa wakijiandaa kwa mwaka mpya. Mjomba wangu alikuwa miongoni mwao. Alikuwa na michikichi michache, na mafuta ya mawese tuliyopikia sombe yalitoka kwake. Katika jeshi la RCD walikuwamo askari Banyamulenge, na hilo lilitutosha. Hatukuuliza nani alitoa amri, nani alikuwa wapi. Kwenye matanga niliwasikia wazee wakisema “wale” bila kutaja wale gani, na nikiwa na miaka 13 nilielewa mara moja, kama mtoto anavyojua lugha ya nyumbani bila kufundishwa.

Kwa hiyo lile jiwe la Kavimvira sikuliokota kwa bahati mbaya. Niliinama nikalichagua.

Mwezi mmoja na nusu tu kabla ya siku ile, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa kambini Gatumba, kilomita chache ng'ambo ya mpaka wetu. Walikuwa wamekimbia Kongo mwezi wa Juni, baada ya vita ya Bukavu, kwa kuogopa hasira za watu kama sisi. Kundi la waasi wa Burundi, FNL, lilijitangaza kuwa ndilo lililofanya. Asubuhi iliyofuata pale kwetu habari zilivuka mpaka kabla ya wachuuzi. Walionyamaza walikuwa wengi. Waliosikitika walikuwapo, kwa sauti ya chini. Na jirani mmoja, mtu wa kanisa, aliyekuwa akikata papai kwa kisu, alisema, “Mungu halali,” akaendelea na papai lake. Nilikula kipande.

Hao walionusurika Gatumba ndio tuliowapokea Kavimvira.

Kazi ya kuhamasisha amani niliingia miaka michache baadaye, kwa sababu zile zile zinazowaingiza vijana wengi wa Uvira: nilikuwa na diploma, sikuwa na kazi, na shirika moja lilitafuta mtu anayejua kusema. Sisi huku tunaiita sensibilizasyo. Ina sare zake: fulana, kofia, soda, bango, na bahasha ya nauli mwishoni. Sidharau soda, mkulima aliyeacha shamba siku nzima ana haki ya kunywa kitu. Lakini nimeona bango letu lililoandikwa “Sote ni Ndugu” likiwa limetandikwa mchangani Kalundu, ndagala zinaanikwa juu yake, na mvuvi aliniambia bila nia mbaya kuwa turubai hilo ni zuri, halishiki unyevu, tumletee jingine. Nadhani ndiyo tathmini ya kweli kuliko zote zilizowahi kufanywa juu ya kazi yetu.

Tulikuwa tukihubiri upendo. Watu walikubali. Ukimwuliza mtu wa Uvira kama ubaguzi ni mbaya, atakuambia ni mbaya sana, na atakupa mifano ya jinsi kabila lingine linavyobagua.

Mwishoni mwa 2014 tulikuwa na mkutano wa siku mbili kwenye bonde la Ruzizi. Hali ilikuwa ngumu. Tarehe 6 Juni mwaka ule watu zaidi ya 30, wengi wao wa kabila la Bafuliiru, waliuawa Mutarule wakiwa kwenye ibada usiku, na kwenye ukumbi wetu walikaa Bafuliiru upande huu, Barundi na Banyamulenge upande ule, katikati njia pana kama ya kupitisha maiti. Nikaona huu ndio wakati wa hadithi yangu. Nikaisimulia vizuri kuliko siku zote. Nilipofika kwenye jiwe kuanguka mguuni nikanyamaza kidogo, kama nilivyozoea.

Bibi mmoja Munyamulenge, amejifunga kitenge cha kijani, akainua mkono.

“Mwanangu, nimesikia. Jiwe hukulitupa. Asante.”

“Asante, Bibi.”

“Aliyekuwa kando yako, alitupa?”

“Alitupa.”

“Ulikuwa unamjua?”

“Namjua. Tulisoma naye.”

“Ulimwambia nini?”

Nilitafuta jibu. Nilifungua mdomo kusema kwamba umati ulikuwa mkubwa, kwamba nilikuwa kijana, na yote mawili ni kweli. Akaniokoa, au akanimaliza, sijui. Alisema kwa upole kabisa, “Mimi siku ile nilikuwa upande wa pili. Kutoka upande ule hatukuona nani hakutupa.”

Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Mwenzangu alitangaza mapumziko ya soda dakika 20 kabla ya wakati.

Siku ya pili tulifanya jambo ambalo halikuwa kwenye programu. Tulibandika karatasi ndefu ukutani, tukamwomba kila mtu aandike tarehe moja ambayo nyumbani kwao haisahauliki. Ziliandikwa: Lemera, tarehe 6 Oktoba 1996, wagonjwa waliouawa hospitalini. Makobola, hiyo niliiandika mimi. Gatumba. Mutarule, mara nyingi, kwa kalamu iliyotoboa karatasi. Kisha tukauliza ni nani aliyewahi kwenda kwenye kumbukumbu ya tarehe isiyo yake. Tuliona kuwa kila kabila pale lina kalenda yake na kila moja linalia peke yake, na hata mimi mwalimu, niliyetaja Gatumba katika kila hotuba, sikuwahi kuvuka kwenda Gatumba tarehe 13 Agosti. Nauli yake ilikuwa ndogo kuliko bei ya fulana zetu.

Tangu hapo nilibadilisha namna ya kufanya kazi. Niliacha upendo. Sina ugomvi nao, lakini una kumbi zake kila Jumapili. Nilianza kufundisha kusema. Tulipanga viti kama basi, mmoja anakuwa askari wa kizuizi, mmoja anaambiwa ashuke kwa sababu ya sura yake, na wengine ni abiria. Swali ni moja: wewe uliyeketi kando yake, mdomo wako unatoa nini, neno kwa neno, sasa hivi? Ungeshangaa jinsi watu wazima wenye ufasaha wa kuuza mbuzi kiwete wanavyokosa sentensi moja. Wengi walitazama dirishani, dirisha ambalo hata halikuwapo. Tulirudia mpaka ikatoka, kwa Kiswahili, kwa Kifuliiru, kwa Kibembe, maana sentensi ya hatari haitoki katika lugha ya kukopa.

Nilianza pia kutembea na nakala ya sheria ya 7 Juni 1966 inayoadhibu ubaguzi wa rangi na wa kikabila. Watu hawaamini kwamba ipo, wala kwamba ina umri mkubwa kuliko wengi wetu. Katiba ya 2006, kifungu cha 13, inasema hakuna Mkongomani atakayebaguliwa kwa ajili ya kabila lake, na sheria ya uraia ya Novemba 2004 iliondoa ule mwaka 1885, ikaweka uhuru wa 1960 kuwa kipimo. Iliwekwa saini miezi mitatu baada ya Gatumba. Karatasi tunazo. Sijawahi kuona askari wa kizuizi akisoma hata moja, lakini nimeona abiria akizungumza kwa sauti iliyonyooka zaidi baada ya kujua kuwa zipo.

Je, imesaidia? Septemba 2025 Uvira ilisimama, maduka yakafungwa, kwa sababu wanamgambo wa Wazalendo hawakumtaka Jenerali Olivier Gasita, ofisa Munyamulenge wa jeshi la taifa, aliyeletwa mjini. Walimshutumu kuwa na uhusiano na adui. Watu walikufa kwenye maandamano. Usiku wa maandamano hayo simu yangu ilijaa sauti za WhatsApp, na katika sauti mbili nilitambua watu waliowahi kukaa kwenye mikutano yangu, kwenye safu ya mbele. Desemba waasi wa M23 wakaingia mjini, na wale waliokuwa wakipima pua wakajikuta nao wanapimwa. Sina takwimu ya kuwapa wafadhili. Nina safari moja tu ya basi.

Ilikuwa miezi michache kabla ya hayo, mwaka ule ule, baada ya Bukavu kuanguka mikononi mwa M23 mwezi wa Februari. Nilikuwa natoka Sange kuja mjini. Basi dogo, watu 22 kwenye viti 14, kuku wawili, na mbele yangu mama mchuuzi aliyebeba ndagala zilizokauka kwenye beseni la plastiki, harufu yake imetawala kila kitu. Kando yangu kijana mrefu mwembamba, mkoba wa shule magotini, hajasema neno tangu tuondoke. Kwenye kizuizi kimoja, ambacho sitakitaja, vijana wenye bunduki walichungulia ndani. Mmoja akamnyooshea kidole.

“Wewe. Shuka.”

Kijana akatoa kadi yake ya mpiga kura. Hawakuitazama. “Sema Kifuliiru.” Akanyamaza. “Shuka, tumesema.”

Moyo ulinipiga kama mtoto wa shule. Miaka kumi ya kufundisha viti vya bandia, na mdomo wangu ulikuwa mkavu kama lile beseni. Lakini nilisema. Nilisema, “Jamani, huyu si wao. Huyu ni Mushi, wa Walungu, namjua. Muacheni.”

Sikuwa namjua. Mushi nilibuni, Bashi wengi wa upande wa Bukavu walikuwa wamekimbilia huku, nikaona inaingia. Na nilijisikia vizuri mno, kama siku za makofi.

Mama wa ndagala akageuka, akanitazama mimi kwanza, si wao.

“Na kama angekuwa wao?”

Kisha akawageukia wenye bunduki. Hakupandisha sauti. “Huyu amelipa nauli. Amepanda na sisi, atashuka na sisi. Mkimshusha na mimi nashuka, na hili beseni nalishusha hapa katikati ya barabara, na ndagala zikinyeshewa nyinyi ndio mtakaonilipa.” Nyuma mwanamke mwingine akasema, “Na mimi nashuka.” Mzee mwenye kuku akaanza kujivuta kuelekea mlangoni, kuku wakipiga kelele. Dereva akazima injini, jambo ambalo dereva wa njia ile hafanyi mbele ya kizuizi hata kwa dawa.

Hawakutuelewa, nadhani. Walitazamana. Wakaomba pesa ya sigara, dereva akatoa faranga elfu mbili, kamba ikashushwa.

Tukaenda. Kilomita nzima hakuna aliyesema kitu. Nilingoja kijana aseme yeye ni nani, ni Mushi kweli au ni Munyamulenge au ni mtu wa Kasai aliyepotea njia. Nilitaka kujua, nakiri, niliona kana kwamba ana deni hilo kwetu. Hakusema. Mama hakumuuliza. Alikuwa akihesabu noti zake, akizilainisha pajani moja moja.

Tulipofika sokoni Mulongwe alisimama, akajifunga kitenge upya, akamgusa kijana begani.

“Mwanangu, nishushie beseni. Taratibu, zisimwagike.”